Thamani kwa nani? Mthamini, jambia na nyumba ya wazee nchini Oman

Leo tunafunga safari hadi Oman, katika miji mitatu ambayo majina yake si mageni kwa wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki: Nizwa, Ibra na Sur. Suala letu ni moja. Kitu cha kale kinapotolewa sandukuni, au nyumba ya wazee inapotakiwa kugawanywa, ni nani mwenye haki ya kutamka thamani yake, naye anaijuaje?

Tuanzie Nizwa, mji mkuu wa mkoa wa Dakhiliya, siku ya Ijumaa asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya mitende. Karibu na ngome kuu iliyojengwa katika karne ya 17 pana soko la mifugo. Wanunuzi hukaa na kusimama kandokando ya njia ya mviringo, na wauzaji huzungusha mbuzi, kondoo na ng'ombe katikati yao huku wakitaja bei kwa sauti kubwa. Anayevutiwa humsimamisha mwenye mbuzi, humfungua mnyama mdomo akatazama meno, humpapasa uti wa mgongo, humshika kiwele. Akitaja bei ndogo, mbuzi huendelea na mzunguko wake, na mtu wa pili, wa tatu na wa kumi humtazama vilevile. Katika dakika chache, mbele ya macho ya watu wote, bei imepatikana. Msikilizaji wa Kiswahili akisimama hapo hatapotea sana, kwani dalali, mnada na thamani ni maneno tuliyoyapokea kutoka lugha inayozungumzwa sokoni hapo.

Sasa tembea hatua chache tu hadi kwenye maduka ya fedha. Humo kuna ukimya. Mwanamke mtu mzima anafungua kitambaa, anatoa jozi ya mitali na bangili mbili nzito. Mwenye duka anaviweka kwenye mizani, anabonyeza kikokotoo, anataja bei. Hakuna mtu wa pili wala wa tatu. Aliyepima ndiye atakayenunua, na ndiye atakayeuza kesho kwa faida. Mbuzi wa Nizwa, kwa hakika, amepewa haki ambayo bangili ya bibi huyu haikupewa.

Mimi nina deni langu katika jambo hili. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari mjini Dar es Salaam, niliuza mtali mmoja wa fedha wa bibi mzaa mama. Wa pili ulikuwa kwa dada yangu, Tanga. Sonara aliuweka kwenye mizani, nikalipwa uzito wake, nikalipa kodi ya chumba ya miezi miwili nikajiona mjanja. Haikunipitia kwamba mitali hufuliwa jozi, na kwamba kwa kuuza mmoja nilikuwa nimeipunguzia thamani hata ile iliyobaki kwa dada. Nimeishi Ulaya miaka mingi tangu hapo, nimeona mitali ya namna ileile katika vioo vya makumbusho, nami kila nikiiona huhesabu: moja, mbili.

Kwa hiyo nilipokuwa Oman kwa kazi nyingine, na mwenyeji wangu akaniomba tuandamane hadi Ibra kwa jamaa yake aliyefiwa na mumewe, sikukataa.

Ibra iko katika Sharqiya Kaskazini. Hadi 2011 Sharqiya ilikuwa mkoa mmoja. Mwaka huo ikagawanywa, Ibra ikawa kaskazini na Sur, bandari ya mabaharia, ikawa kusini. Kutoka katika mji huu na vijiji vya jirani kama Al Mudhayrib, watu wa koo za Harthi, Barwani na nyinginezo walikwenda Unguja, Pemba na bara kwa biashara, na fedha ya karafuu na pembe ilirudi kujenga majumba marefu ya mawe na udongo. Katika mtaa wa kale wa Al Manzafah majumba hayo yangalipo, mengine yamesimama, mengine yamebaki kuta. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, wengi walirejea na Kiswahili chao. Kwa sababu hiyo tulikaribishwa katika chumba ambamo kahawa ilimiminwa kwa Kiarabu na mazungumzo yakaenda kwa Kiunguja.

Mwenye nyumba nitamwita Bi Mkubwa, kama alivyoitwa na wote waliokuwamo. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana.

"Sabalkheri, bibi. Pole kwa msiba."

"Sabalkheri, mwanangu. Nishapoa, alhamdulillahi. Karibuni, kaeni."

Kisa chake ni kifupi. Mumewe ameacha kasha la mbao lenye misumari ya shaba, jambia la babu yake, fedha za kike za mama yake, na fungu katika nyumba ya udongo ya mtaa wa kale ambayo hakuna aliyelala ndani yake tangu miaka ya themanini. Warithi wako Maskati, Unguja, Mombasa na mmoja Uingereza. Juma moja kabla yetu alikuwa amekuja mtu kutoka mji mkuu, mwenye adabu na gari zuri, akatazama kila kitu na kutaja bei moja ya jumla, akisema kuwa anamsaidia tu mjane kuondokana na vikorokoro.

"Ati vikorokoro," Bi Mkubwa alisema. "Sasa mwanangu, mtu mzima ataacha kazi zake, aendeshe gari saa mbili, aje Ibra kununua vikorokoro?"

Wasikilizaji, katika sentensi hiyo yamo nusu ya yale wanayofundishwa wathamini vyuoni.

Mwenyeji wangu alikuwa amemwita mzee mmoja mstaafu, Muomani aliyekulia Pemba, aliyefanya kazi ya uthamini wa majengo kwa miaka mingi na ambaye ni mpenzi wa vitu vya kale. Alikuja na mizani ndogo, utepe wa kupimia, kioo cha kukuzia na daftari. Nilitarajia angeanza kupima. Badala yake aliketi, akanywa kahawa, kisha akauliza, "Bibi, hii thamani unaitaka ya nini?"

Ndilo swali la kwanza la kazi hii, nalo si la adabu tu. Kitu kimoja kina thamani kadhaa kwa wakati mmoja, na zote ni za kweli. Ukitaka kukikatia bima, mthamini atatafuta gharama ya kukipata kingine cha namna ileile, na hiyo huwa ya juu. Ukitaka kukiuza, atatafuta bei ya soko, ambayo wataalamu duniani kote huieleza kwa maneno yanayokaribiana: kiasi ambacho mnunuzi anayetaka na muuzaji anayetaka wangekubaliana siku fulani, kila mmoja akijua anachokifanya, bila kushurutishwa, na baada ya kitu kutangazwa kwa muda wa kutosha. Ukitaka kugawa mirathi, ni bei hiyohiyo ya soko, lakini tarehe yake ina maana kubwa. Na ukiwa na dhiki, unataka fedha leo kabla ya magharibi, basi thamani yako ni ile ya kuuza kwa lazima, ambayo huwa ya chini kabisa. Mtu mwenye gari zuri hutaja hii ya mwisho huku akisema ni ya kwanza.

Bi Mkubwa alijibu kwamba anataka kugawa kwa haki, asije akaulizwa kesho akhera. Basi kazi ikaanza.

Tulianza na fedha za kike. Katika Dakhiliya na Sharqiya mwanamke aliyeolewa alipewa vitu vya fedha vikawa mali yake mwenyewe, akiba yake ya siku ya shida. Fedha hiyo kwa sehemu kubwa ilitokana na sarafu moja, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita reale: dola ya Maria Theresa wa Austria. Kila moja ina uzito wa takriban gramu 28, na katika sehemu elfu, 833 ni fedha halisi, yaani gramu 23 na zaidi kidogo. Mafundi walizipenda kwa sababu waliujua ubora wake. Waliziyeyusha, au waliziacha nzima wakazitundika katika mikufu. Zilitumika Oman kama pesa mpaka Rial Saidi ilipoanzishwa mwaka 1970.

Mkufu wa mama mkwe wa Bi Mkubwa ulikuwa na reale tano na hirizi ya fedha katikati, kijaluba cha kuwekea aya. Kijana mmoja pale alishika sarafu akasoma kwa furaha: 1780! Mzee akacheka. Reale zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, hata zile zilizopigwa karne mbili baadaye. Zimepigwa Vienna, na katika karne ya 20 zikapigwa pia Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay. Mjuzi hatazami mwaka, bali vitu vidogo: lulu za bruchi begani mwa malkia, manyoya ya mkia wa tai, maandishi ya ukingoni. Wafanyabiashara wa zamani wa Uarabuni na Ethiopia walizihesabu lulu hizo kabla ya kupokea malipo. Tano za mkufu huu zilikuwa za kawaida. Thamani yao kama sarafu ilikuwa ndogo, na mzee alilisema hilo bila kumung'unya maneno.

Lakini mkufu haukuwa sarafu tu. Hapa akatuonyesha hesabu mbili. Mizani ilisema mitali miwili ina uzito wa gramu 410. Kama fedha yake ni kama ya reale, basi fedha halisi ni gramu 340 hivi. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, na umepata bei ambayo chini yake usiuze kamwe. Mnunuzi wa uzito husimama hapo. Mthamini ndipo anapoanza. Je, ni jozi kamili? Imefuliwa kwa mkono? Nakshi ni za Nizwa au za kwingine? Kuna mahali palipounganishwa kwa risasi? Kuna mtu anayejua ilivaliwa na nani, lini? Kuanzia miaka ya sabini wanawake wengi wa Oman walihamia kwenye dhahabu, na fedha za mama zao ziliuzwa kwa kilo na kuyeyushwa. Vilivyobaki vimekuwa adimu kwa sababu hiyo hasa.

Mjukuu mmoja alikuwa amekwisha leta dawa ya kung'arishia. Mzee alimnyang'anya chupa. Weusi ule wa miaka mingi ndani ya nakshi ni sehemu ya ushahidi. Ukiusugua umeufuta, na huwezi kuurudisha.

Ikafuata zamu ya jambia. Waomani huliita khanjar. Limo katika nembo ya taifa, na mwaka 2022 ufundi wake na mila zake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Majambia hayafanani. Lile la Saidi hujulikana kwa pete zake saba, la Nizwa huwa kubwa, na la Sur huwa dogo na jepesi. Hili la Ibra mzee alilitazama kwa muda mrefu bila kusema. Alilichomoa alani, akatazama ubapa, akageuza ala, akahesabu pete, akalinganisha uchakavu wa mshipi na uchakavu wa fedha. Majambia mengi, alieleza baadaye, ni ya kuunganisha: ubapa wa baba, mpini wa jirani, ala mpya ya mwaka jana. Si udanganyifu, kwani jambia ni vazi na vazi hukarabatiwa. Lakini bei ya kitu kizima cha zamani si sawa na bei ya vipande vilivyokutana.

Kisha akauinua mpini kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa rangi ya asali, na mwanga ulipenya pembeni. Akauweka kioo, akatuonyesha nyuzi laini zilizolala pamoja kama nywele zilizogandishwa. "Hii ni kipusa," alisema.

Msikilizaji anajua kipusa ni pembe ya kifaru, na anajua ilikotoka. Kwa vizazi vingi pembe hizo zilisafirishwa kutoka bara letu hadi bandari za Uarabuni, na mpini wa kipusa ulikuwa ndio wa heshima kuliko wote. Vifaru wa Afrika Mashariki walikaribia kumalizwa na bunduki za majangili katika miaka ya sabini na themanini, na mipini ya majambia, hasa ile iliyotakiwa Yemen, ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1977 vifaru wote waliingizwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, inayokataza biashara ya kimataifa, na Oman ilijiunga na mkataba huo 2008. Siku hizi mipini hutengenezwa kwa mbao za msandali, kwa vitu vya viwandani na kadhalika.

Ni thamani gani basi ya mpini huu? Mjini Ibra, kwa familia hii, ni ya juu kabisa. Kwa yule mrithi aliyeko Uingereza inakaribia sifuri, kwa sababu akijaribu kusafiri nalo bila vibali litachukuliwa forodhani naye atajieleza mbele ya sheria. Uzito ni uleule, uzuri ni uleule, na mpaka wa nchi ndio unaobadilisha bei. Aidha, Oman ina Sheria ya Urithi wa Utamaduni iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 35 ya mwaka 2019, na mwenye kitu cha kale hana budi kuuliza kwanza kabla ya kukitoa nje ya nchi. Mzee aliandika daftarini maneno mawili nikayasoma begani pake: "Lisitoke Oman."

Nitakiri kwamba moyo wangu haukutulia. Tulilisifu jambia lile, nami nililisifu, huku nikijua kwamba mnyama mwenye pembe ile aliangushwa pengine mahali ambapo leo hakuna hata mmoja. Sikupata mahali pa kuliweka jambo hilo katika hesabu.

Bi Mkubwa alitoa picha ya zamani: baba mkwe wake amesimama mbele ya pazia la studio huko Unguja, kanzu nyeupe, na jambia lilelile kiunoni. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa studio na tarehe kwa wino. Mzee alifurahi kuliko alivyofurahia jambia lenyewe. Kitu cha kale, kama mtu, huulizwa nasaba yake: ulitoka kwa nani, ukapita mikono gani? Hadithi ya mdomo haiongezi bei, kwani kila muuzaji anayo. Picha, barua, risiti, wasia, hati ya kadhi ndivyo vinavyoiongeza. Familia nyingi huuza kitu na kuitupa karatasi iliyokuwa ndani yake. Katika kasha la Bi Mkubwa mlikuwa na barua za madeni ya karafuu na hati ya shamba la Unguja. Kama hati za umiliki hazikuwa na nguvu tena, kwa kuwa mashamba na nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi. Ila kama ushahidi wa historia zilikuwa na wanaozitaka, ikiwamo mamlaka ya nyaraka ya taifa ya Oman iliyoundwa 2007.

Kasha lenyewe nitalipitia upesi. Watalii wanaliita kasha la Zanzibar, na ni kweli lilikaa Zanzibar, lakini mengi ya makasha hayo yalitengenezwa India, yakavushwa bahari. Mwingereza Sheila Unwin, aliyewahi kuishi Afrika Mashariki, aliyaandikia kitabu kizima, The Arab Chest, kilichotoka 2006. Mthamini hulipindua kasha, hutazama chini na nyuma ambako fundi mwigaji huona uvivu, huchungulia misumari kama ni ya zama moja, hunusa mbao, hutafuta vitoto vya siri vya kuwekea dhahabu. La Bi Mkubwa lilikuwa jema, miguu yake tu ilikuwa mipya.

Nyumba ndiyo iliyotuchukua siku ya pili nzima.

Hebu tuichukulie kwa hesabu ya mirathi. Aliyeijenga, kwa mfano, alikufa akaacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumuni. Kilichobaki hugawanywa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Kwa hiyo nyumba ina mafungu 64: mke 8, kila mwana 14, kila binti 7. Kufikia hapo hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Lakini hawakugawana. Kila mmoja akafa kwa wakati wake, huyu Ibra, huyu Unguja, huyu Mombasa, na fungu lake likagawanyika tena kwa mke, mume na watoto. Katika kizazi cha tatu nyumba moja ina wenyewe arubaini, wengine hawajawahi kuiona hata kwa picha. Nani atauza? Na bei ya fungu dogo ndani ya nyumba isiyogawika si sehemu ileile ya bei ya nyumba nzima. Huwa pungufu, kwa sababu anayelinunua ananunua pamoja nalo ugomvi.

Wathamini wa majengo wana njia tatu kuu, nazo ndizo zinazofundishwa Dar es Salaam kama London. Ya kwanza ni kulinganisha na nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Katika mtaa wa kale hapakuwa na mauzo ya kulinganisha nayo. Ya pili ni gharama ya kujenga upya, ukitoa uchakavu. Kuta za nyumba hii ni mawe na udongo, zimeshikwa na saruji. Nasema saruji ya zamani, ile ya udongo wa kuchomwa, ambayo jina lake tumelichukua pwani tukaipa simenti ya viwandani. Dari iliwekwa vigogo vya mtende, na katika chumba cha wageni, boriti za mikoko. Zilivuka bahari kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya Lamu, vya Unguja na vya Oman vyote ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Leo fundi wa kazi hiyo hapatikani kirahisi, na Kenya ilipiga marufuku kuuza nje boriti za mikoko mwaka 1982. Ukifuata njia hii, gharama hupanda hadi mbinguni, na ukitoa uchakavu hurudi chini hadi kwenye mchanga. Mzee aliiacha.

Ya tatu ni mapato: nyumba itaingiza kodi kiasi gani? Miaka ishirini iliyopita jibu lingekuwa hakuna. Lakini huko Nizwa, katika mtaa wa Al Aqr ulio ubavuni mwa ngome, nyumba za udongo zilizokuwa zimeachwa zimekarabatiwa na kuwa nyumba za wageni na migahawa, na wikendi watu hujaa. Ghafla kuta zilizokuwa mzigo zimekuwa na hesabu. Je, Ibra itafuata? Mzee alikataa kuiuza ndoto hiyo. Aliandika thamani ya nyumba kama ilivyo leo, kisha kwa mstari tofauti akaandika kwamba ikiwa warithi wote watakubaliana na kibali cha ukarabati kikapatikana, ipimwe upya.

Palikuwa na jambo moja ambalo mnunuzi kutoka Maskati hakulitaja kabisa. Nyuma ya nyumba kuna bustani ndogo ya mitende, na bustani ile ina zamu ya maji ya falaji. Oman ni nchi ya mifereji hiyo. Mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, mmojawapo Falaj Daris wa Nizwa. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda, na kipimo cha kawaida, athari, ni nusu saa. Zamu hiyo inaweza kumilikiwa, kurithiwa, kukodishwa na kupigwa mnada mbali na ardhi. Hili halimshangazi Mpemba, ambaye anajua mkarafuu waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Ardhi ya jangwani bila maji ni mahali pa kusimama tu. Bei ya jumla aliyopewa Bi Mkubwa ilikuwa imemeza maji hayo kimyakimya.

Jioni, tukirudi, nilimwuliza mzee kama hakuna kitu kisichopimika. Alinijibu kwa kunisimulia Fatah al-Khair. Ni jahazi la aina ya ghanja, lililoundwa Sur katika siku za mwisho za safari za kaskazi na kusi. Injini zilipoua kazi ya tanga liliuzwa, likaishia Yemen, na sokoni huko lilikuwa na bei ya mbao na misumari. Katika miaka ya tisini watu wa Sur walichanga pesa zao wakalinunua, wakalirudisha nyumbani. Leo limepandishwa nchi kavu mjini mwao, karibu na karakana ambako majahazi bado huundwa. Muuzaji alipata bei iliyomridhisha, na watu wa Sur walilipa bei iliyowaridhisha. "Nikipimia wa kwanza nitaandika nambari moja, nikipimia wa pili nitaandika nyingine," alisema, "na zote nitazitia sahihi."

Hakuchukua malipo ya asilimia. Kanuni za wathamini wa Marekani zinakataza kabisa ujira unaotegemea ukubwa wa thamani, na Tanzania nayo ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inayomtaka mthamini awe amesajiliwa. Mzee hakuwa na haja ya kanuni. Alipoulizwa na kijana mmoja kwa nini asilinunue kasha yeye mwenyewe, alijibu, "Nimeshalipima. Nikilinunua, nani ataiamini karatasi yangu?"

Karatasi yenyewe ilikuwa kurasa nne: kila kitu na picha yake, uzito, vipimo, kasoro, nasaba, kusudi la kupima na tarehe. Jambia lilipangwa kubaki kwa mwana mkubwa, naye apunguziwe thamani yake katika fungu lake. Mitali ilikwenda kwa binti mmoja, yote miwili. Nilishindwa kujizuia kulisema hilo mezani, nikachekwa. Nyumba ilibaki bila kuuzwa, na nakala za karatasi zikatumwa Unguja, Mombasa na Uingereza.

Mwenyeji wangu alinipigia simu nilipokwisha kurudi Ulaya. Yule bwana mwenye gari zuri alirudi Ibra. Bi Mkubwa hakumfukuza. Alimkaribisha, akamwekea halua, akampa kurasa nne azisome. Alisoma pole pole hadi mwisho. Kisha akaomba kahawa nyingine, akauliza kama kasha, kwa bei iliyoandikwa pale, lingali linauzwa.